Helmholtz: Tabibu wa jeshi aliyeifungia sauti ndani ya chupa

UKIPULIZA hewa juu ya mdomo wa chupa tupu ya soda, chupa hiyo hulia kwa sauti moja nzito. Watoto wa mataifa yote huujua mchezo huu, lakini nadharia kamili ya kueleza kwa nini chupa huichagua sauti hiyo moja na kuzikataa nyingine ilisubiri hadi katikati ya karne ya 19.

Aliyekitegua kitendawili hicho hakuwa mpiga filimbi wala mfua shaba. Alikuwa aliyekuwa daktari wa jeshi la Prussia, mwana wa mwalimu ambaye hakuwa na uwezo wa kumlipia mwanawe karo ya masomo aliyoyatamani.

Jina lake ni Hermann von Helmholtz. Vyombo vilivyobeba jina lake, vikipangwa safu moja baada ya nyingine, leo vinatumika kupunguza ngurumo za injini za ndege, na vimewafungulia wataalamu mlango wa kutengeneza kuta zinazoyazuia mawimbi ya sauti kwa namna ambayo yeye mwenyewe hakuiwazia.

MWANA WA MWALIMU

Helmholtz alizaliwa Agosti 31, 1821 mjini Potsdam, karibu na jiji la Berlin. Babake, Ferdinand Helmholtz, alikuwa mwalimu wa shule ya upili aliyefundisha lugha za kale na falsafa. Mamake aliitwa Caroline. Hermann ndiye aliyekuwa kifungua mimba wao.

Alikuwa mtoto dhaifu wa afya. Katika miaka saba ya kwanza ya maisha yake alishinda ndani ya nyumba kwa vipindi virefu, mara nyingi akiwa kitandani. Vijiti na vibao vya kuchezea alivyopewa ili kumpunguzia upweke ndivyo vilivyomfunza jiometria hata kabla hajaingia darasani.

Shuleni, kumbukumbu yake ilikuwa hafifu kwa mambo yasiyokuwa na uhusiano wa kimantiki. Orodha za maneno na tarehe zilimtoka haraka kama maji kwenye pakacha. Lakini wenzake walipokuwa wakisoma maandishi ya Kilatini, yeye alikuwa chini ya dawati akichora jinsi miali ya mwanga inavyopita katika vioo vya darubini.

Alitaka kuwa mwanafizikia. Hata hivyo, fizikia katika zama hizo haikuwa kazi ya kumpa mtu mkate, na mshahara wa mwalimu mwenye jamaa kubwa haukutosha kumpeleka chuo kikuu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Hermann aliinama.

Mnamo 1838, akiwa na umri wa miaka 17, alijiunga na taasisi ya udaktari ya Friedrich-Wilhelm jijini Berlin. Serikali ilimfunza udaktari bila malipo, naye kwa upande wake akakubali kuitumikia Prussia kwa miaka minane kama daktari wa jeshi. Alikwenda huko na piano yake, kwa maana muziki ulikuwa tayari umeshika mizizi moyoni mwake.

MAABARA KATIKA KAMBI

Jijini Berlin, kijana huyo aliangukia mikononi mwa Johannes Müller, mwanafiziolojia aliyekuwa na sifa kubwa barani Ulaya. Miongoni mwa wanafunzi wa Müller kulikuwa na vijana kama Emil du Bois-Reymond na Ernst Brücke, ambao waliamini kwamba mwili wa kiumbe hai hufuata kanuni zilezile zinazotawala mawe na mvuke.

Imani hiyo iliwapinga wazee wa wakati huo. Wengi wao walishikilia kuwa ndani ya kila kiumbe hai mna nguvu ya pekee isiyopimika, ambayo ndiyo hutia uhai.

Helmholtz alihitimu mwaka 1842, na mwaka uliofuata akapelekwa kulitumikia jeshi huko kwao Potsdam. Kazi ya kutibu wanajeshi haikumnyima nafasi ya kutafiti. Alijitengenezea maabara ndogo ndani ya kambi na kuanza kupima joto linalotolewa na misuli ya chura inapofanya kazi.

Matokeo ya majaribio hayo, pamoja na hesabu alizozikokotoa usiku, aliyawasilisha Julai 23, 1847 mbele ya chama cha wanafizikia cha Berlin, kabla hajatimiza miaka 26. Hoja yake kuu ilikuwa kwamba nishati haiumbwi wala haiangamii. Hubadilika sura tu. Iwe ni joto, mwendo, umeme au kazi ya misuli, jumla yake haiongezeki wala haipungui.

Leo kila mwanafunzi wa sekondari huikariri kanuni hiyo. Mwaka huo wa 1847, jarida mashuhuri la fizikia nchini humo lilikataa kuichapisha makala yake. Helmholtz alilazimika kuitoa kama kijitabu kupitia kwa mchapishaji wa Berlin.

Baadaye ilibainika kwamba daktari mwingine Mjerumani, Julius Robert Mayer, alikuwa ameandika wazo la namna hiyo mwaka 1842, na kwamba James Joule wa Uingereza alikuwa amelithibitisha kwa majaribio. Wapinzani walimrushia Helmholtz tuhuma za wizi wa mawazo, na tuhuma hizo zilimfuata kwa miaka mingi. Yeye alikiri hadharani kwamba Mayer alimtangulia.

KASI YA NEVA, MWANGA WA JICHO

Mnamo 1848, kwa msaada wa msomi mashuhuri Alexander von Humboldt, jeshi lilimwachilia kabla ya muda wake kwisha. Mwaka uliofuata alipata kazi ya kufundisha fiziolojia huko Königsberg, mji ambao leo ni Kaliningrad nchini Urusi. Mwaka huohuo alimwoa Olga von Velten.

Huko ndiko alikofanya jambo ambalo mwalimu wake Müller aliliona kuwa muhali: kupima kasi ya ujumbe unaopita katika neva. Akitumia mguu wa chura na mkondo wa umeme, alipata kasi ya takriban mita 27 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya gari liendalo mbio kwenye barabara kuu, wala si kasi ya umeme kama wengi walivyodhani.

Mwishoni mwa mwaka 1850, alipokuwa akitafuta njia ya kuwaonyesha wanafunzi wake kwa nini mboni ya jicho huonekana nyeusi, aliunda kifaa kwa kadibodi, gundi na vipande vya kioo cha hadubini. Alipochungulia, akaiona retina ya mtu aliye hai. Kifaa hicho, oftalmoskopu, alikitangaza rasmi mwaka 1851, na kufikia leo daktari wa macho hawezi kufanya kazi bila mrithi wake.

Sifa zikaanza kumfikia kutoka kila pembe. Mnamo 1855 alihamia Bonn kufundisha anatomia na fiziolojia, na mwaka 1858 akaitwa Heidelberg. Ni katika miji hiyo miwili ndipo alipoigeukia sauti.

SIRI YA CHUPA INAYOLIA

Swali lililomsumbua lilikuwa jepesi kulitamka. Mwimbaji akitoa noti moja kwa irabu a, kisha akaitoa noti ileile kwa irabu u, sikio hutambua tofauti papo hapo, ingawa kimo cha sauti hakikubadilika. Vivyo hivyo, fidla na filimbi zikipiga noti moja hazisikiki sawa. Ni kitu gani kinachozitenganisha?

Helmholtz alishuku kwamba sauti moja tuisikiayo ni mkusanyiko wa sauti nyingi: ya msingi, na juu yake nyingine dhaifu zenye masafa yaliyo mara mbili, mara tatu au mara nne ya ile ya msingi. Masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde. Uwiano wa nguvu za sauti hizo ndogo ndio unaoipa kila ala na kila irabu ladha yake.

Kushuku ni jambo moja na kuthibitisha ni jingine. Katika zama zile hapakuwa na maikrofoni wala kompyuta. Alihitaji chombo cha kuichambua sauti, kama vile mtu apepetaye nafaka kwa ungo.

Chombo alichokibuni ni resoneta: mpira mtupu wa kioo, na baadaye wa shaba, wenye matundu mawili. Tundu moja lilikuwa pana la kuingizia sauti. La pili lilikuwa kwenye ncha nyembamba iliyoingizwa sikioni, ikazibwa kwa lakiri iliyolainishwa kwa joto ili ifuate umbo la sikio lake.

Mtu aliyeziba sikio lake jingine na kuiweka resoneta hiyo alisikia dunia imenyamaza, isipokuwa sauti ya kimo kimoja tu. Kila sauti hiyo ilipojitokeza, hata ikiwa imejificha ndani ya wimbo au ndani ya upepo, mpira ulivuma kwa nguvu sikioni. Helmholtz alitumia msururu wa mipira hiyo ya ukubwa mbalimbali, kila mmoja na sauti yake.

Nadharia ya chombo hicho aliichapisha mnamo 1860, na miaka kumi baadaye Mwingereza Lord Rayleigh akairahisisha. Hewa iliyo kwenye shingo ya chupa ni kama kizibo kizito. Hewa iliyo tumboni ni kama springi. Kizibo kikisukumwa ndani, hewa ya tumboni hubanwa na kukirudisha nje. Kikitoka kupita kiasi, hewa hupungukiwa na kukivuta tena ndani. Huo ndio mtetemo, na masafa yake hutegemea upana na urefu wa shingo pamoja na ujazo wa tumbo.

Chupa yenye tumbo kubwa mara nne, ikiwa na shingo ileile, hutoa sauti yenye masafa nusu. Kwa sababu hii chupa ikijazwa maji polepole, sauti yake hupanda.

Jambo la ajabu zaidi limo katika vipimo. Chupa ya lita moja yenye shingo ya upana wa sentimita mbili na urefu wa sentimita sita hivi hulia kwa takriban mitetemo 110 kwa sekunde. Wimbi la sauti hiyo hewani lina urefu wa zaidi ya mita tatu. Kwa hivyo chombo kisichozidi sentimita 30 huitikia wimbi lililo refu kukishinda mara kumi. Katika hesabu hiyo ndipo lilipojificha jambo ambalo thamani yake ingejulikana zaidi ya karne moja baadaye.

MISIBA NA KITABU

Wakati ubongo wake ulikuwa ukichanua, nyumba yake ilikuwa ikifunikwa na giza. Olga, aliyekuwa ameugua kwa muda mrefu, alifariki Desemba 28, 1859 na kumwachia watoto wawili wadogo. Helmholtz mwenyewe alisumbuliwa na maumivu makali ya kichwa tangu ujanani.

Mnamo 1861 alimwoa Anna von Mohl, mwanamke msomi ambaye nyumba yake baadaye iligeuka kuwa barza ya wanasayansi, wasanii na wanasiasa. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 1863 alikitoa kitabu chake kuhusu hisia za sauti kama msingi wa nadharia ya muziki. Humo alieleza kazi ya resoneta, siri ya irabu, na sababu ya noti mbili kupatana au kugombana sikioni. Noti zinazokaribiana sana huzaa mapigo, nayo mapigo hayo yakifika takriban 33 kwa sekunde, sikio huyaona makavu na ya kukera.

Ili kuthibitisha nadharia ya irabu, aliunda mtambo wenye umevyuma wa kutetemesha nyuma za chuma zinazotumiwa kusawazishia ala, kila mmoja mbele ya resoneta yake. Kwa kufungua na kufunga midomo ya resoneta, mtambo huo ulitamka irabu.

Kijana mmoja Mskoti, Alexander Graham Bell, alikisoma kitabu hicho ilhali Kijerumani chake kilikuwa haba. Alidhani Helmholtz alikuwa amefaulu kupeleka irabu kwa waya kutoka mahali pamoja hadi pengine. Kosa hilo lilimtia ari ya kujaribu mwenyewe, na mwaka 1876 akapata hataza ya simu.

Fundi Rudolph Koenig, Mjerumani aliyeishi Paris, alizitengeneza resoneta za shaba na kuziuza kwa vyuo vikuu. Ndiye pia aliyezipanga kadhaa safu moja, kila moja ikiunganishwa na mwali mdogo wa gesi, hivi kwamba sauti ikipigwa, mwali wa resoneta inayoitikia hutikisika na macho yakaona kile ambacho masikio husikia.

SAFU YA RESONETA

Helmholtz alizitumia resoneta zake kama masikio. Kila moja ilifanya kazi peke yake. Swali la nini hutokea sauti inapolazimika kupita resoneta moja, kisha ya pili, ya tatu, na nyinginezo zilizopangwa kwa nafasi sawa, liliachiwa warithi wake.

Rayleigh ndiye aliyefungua njia. Kitabu chake kikubwa kuhusu nadharia ya sauti, ambacho alianza kukiandika akiwa safarini katika mto Nile nchini Misri, kilitoka kuanzia 1877. Miaka kumi baadaye, mnamo 1887, alionyesha kwa hesabu kwamba wimbi likipita katika kitu ambacho umbo lake hujirudiarudia kwa nafasi sawa, kuna masafa fulani ambayo hayawezi kupenya kamwe. Mnamo 1946 Mfaransa Léon Brillouin alikusanya elimu hiyo katika kitabu kuhusu mawimbi na miundo inayojirudia.

Njia hii ya kwanza ya kuzuia sauti hutegemea nafasi baina ya vizuizi. Nafasi hiyo ikiwa nusu ya urefu wa wimbi, mwangwi mdogo unaotoka kwa kila kizuizi hukutana na mwenzake ukiwa sambamba, na vyote kwa pamoja hulirudisha wimbi lilikotoka. Mwaka 1995, watafiti wa Uhispania walipima sanamu ya Eusebio Sempere jijini Madrid, iliyoundwa kwa mabomba ya chuma yaliyosimamishwa kwa mpangilio, wakagundua kuwa ilipunguza sauti za masafa fulani kwa njia hiyohiyo.

Lakini njia hiyo ina gharama. Kuizuia sauti nzito ya mitetemo 110 kunahitaji vizuizi vilivyotenganishwa kwa zaidi ya mita moja na nusu, na ukitaka safu kumi, unahitaji uwanja wala si ukuta.

Hapo ndipo resoneta za Helmholtz zinapoingia. Chukua bomba refu, kisha tundika chupa pembeni yake kwa safu, midomo yote ikifunguka ndani ya bomba. Sauti nzito sana ikipita, hewa ya shingoni huenda sawia na wimbi. Chupa hulifanya bomba liwe kama limejaa hewa iliyo laini zaidi, na sauti husafiri polepole.

Masafa yakikaribia yale ya chupa, mwendo huo huzidi kupungua. Yakipita hapo kidogo tu, mambo hugeuka. Hewa ya shingoni huchelewa kiasi cha kwenda kinyume na wimbi: wimbi linaposukuma ndani, yenyewe hutoka nje. Kila chupa humpinga mgeni huyo, na sauti hufifia kwa uwiano uleule kila inapoipita chupa moja.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Tuseme kila chupa huruhusu nusu tu ya nguvu ya sauti kupita. Chupa moja huacha nusu, mbili huacha robo, na baada ya chupa kumi huwa imebaki chini ya sehemu moja kwa elfu. Sehemu kubwa ya nishati hiyo haipotei, kwa sababu kanuni ya mwaka 1847 haivunjiki. Hurudishwa ilikotoka, na kiasi kingine hugeuka joto kwa msuguano kwenye shingo za chupa.

Masafa yakipanda mno, hewa ya shingoni huwa nzito kupita kiasi cha kuweza kuufuata mtetemo. Hutulia tu, na sauti hupita kana kwamba chupa hazipo. Udhaifu wa mbinu hii ni huo: huziba mlango mmoja mwembamba tu. Ndiyo maana wahandisi huchanganya resoneta za ukubwa mbalimbali ili kuziba milango mingi.

NDEGE, TRENI NA RISASI

Matumizi yake yametapakaa. Ukitazama ndani ya mdomo wa injini ya ndege ya abiria, utaona ukuta wenye matundu madogo mengi. Nyuma ya matundu hayo mna vyumba vidogo vilivyopangwa kama sega la nyuki. Kila chumba na tundu lake ni resoneta, na maelfu yao kwa pamoja hupunguza mlio wa pangaboi kabla haujawafikia wakazi walio karibu na uwanja wa ndege.

Mnamo 1992, mtaalamu Mjapani Nobumasa Sugimoto alichapisha hesabu kuhusu njia za chini kwa chini za treni ziendazo kasi. Treni ikiingia ndani ya njia hiyo huisukuma hewa mbele yake, na msukumo huo unaweza kuzidi kukaza hadi ukatoka upande wa pili kwa kishindo. Sugimoto alionyesha kwamba safu ya resoneta za Helmholtz kando ya njia huutawanya msukumo huo na kuuzuia usigeuke kishindo.

Mwaka 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong walibadilisha vifaa lakini wakaihifadhi kanuni. Walichukua vipira vya risasi vya sentimita moja, wakavivisha mpira laini wa silikoni, kisha wakavipanga ndani ya gundi ngumu ya epoksi kwa nafasi ya sentimita 1.55. Humo, risasi ndiyo kizibo kizito na silikoni ndiyo springi.

Muundo huo ulizuia sauti karibu na mitetemo 400 kwa sekunde, ambayo wimbi lake hewani hukaribia sentimita 86. Kitu chembamba kilikuwa kimelishinda wimbi refu, jambo ambalo kuta za kawaida hulifanya kwa uzito mkubwa pekee.

Miaka sita baadaye, mnamo 2006, watafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walipanga safu ya resoneta za Helmholtz kwenye mfereji wa maji. Katika masafa fulani, maji hayo pamoja na resoneta zake yalitenda kana kwamba yanatanuka yanapobanwa. Hakuna kitu cha asili kinachojulikana kuwa na tabia hiyo ya kudumu. Imetokana na mpangilio, si na maji.

BERLIN HADI KABURINI

Helmholtz mwenyewe aliiacha sauti na kurejea kwenye penzi lake la utotoni. Mnamo 1871, akiwa na umri wa miaka 49, hatimaye aliitwa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Berlin. Kazi ambayo ukata ulimnyima akiwa na miaka 17 ilikuwa imemjia yenyewe.

Miongoni mwa waliopita mikononi mwake walikuwa Heinrich Hertz, Max Planck na Wilhelm Wien. Ni Helmholtz aliyemchochea Hertz kulishughulikia swali la umeme na sumaku, ambalo hatimaye lilizaa ugunduzi wa mawimbi ya redio. Leo masafa ya sauti na ya redio hupimwa kwa kipimo kinachobeba jina la mwanafunzi huyo.

Mnamo 1883 mfalme alimtunukia hadhi ya ukabaila, na ndipo jina lake likaongezewa von. Miaka michache baadaye akawa rais wa kwanza wa taasisi ya kitaifa ya vipimo huko Charlottenburg, iliyoanzishwa kwa msukumo na ufadhili wa mwenye viwanda Werner von Siemens.

Uzee haukumhurumia. Mwanawe Robert, aliyekuwa mwanafizikia chipukizi, alifariki mwaka 1889. Januari 1, 1894, Hertz naye aliaga dunia akiwa na umri wa miaka 36 tu, na mwalimu akabaki kuandika dibaji ya kitabu cha mwisho cha mwanafunzi wake.

Mwaka 1893 Helmholtz alikuwa amesafiri hadi Chicago, Marekani, kuhudhuria kongamano la wataalamu wa umeme. Akirejea nyumbani alianguka kwenye ngazi za meli na kujeruhiwa. Hakupata tena nguvu zake za awali. Julai 1894 alipatwa na kiharusi, na Septemba 8 mwaka huo akafariki huko Charlottenburg akiwa na umri wa miaka 73.

ALIPOKOSEA, ALIPOACHA NJIA

Si kila alilolisema lilisimama. Aliamini kwamba ndani ya sikio mna msururu wa nyuzi, kila moja ikiitikia kimo chake kama nyuzi za piano. Katika karne ya 20, Georg von Békésy alionyesha kwamba sauti huzua wimbi linalosafiri juu ya utando ulio ndani ya sikio, na mahali wimbi hilo linapofikia kilele ndipo hutegemea masafa. Békésy alituzwa Nobel mwaka 1961. Hata hivyo, msingi wa Helmholtz kwamba sikio huzigawa sauti kulingana na mahali zinapopokewa ulibaki.

Sanamu yake ilisimamishwa mbele ya chuo kikuu cha Berlin mwaka 1899. Shirika kubwa zaidi la utafiti nchini Ujerumani, lenye vituo 18, linaitwa kwa jina lake.

Lakini ukumbusho wake ulioenea zaidi haumo katika sanamu wala majengo. Uko katika kila ndege inayopaa na kila chupa inayopulizwa na mtoto. Mtu aliyebuni mpira wa kioo ili asikie tofauti ya a na u hakuwa na habari kwamba anawaachia wengine matofali ya kujengea kuta za kuzuia kelele. Wanaoharakisha kuuliza elimu fulani itafaa nini kesho wana la kujifunza kwa tabibu huyo wa kambi ya Potsdam: resoneta yake ilingoja miaka mingi kabla ya kupangwa safu za kuzuia kelele.